Kamera ya Mfuko wa Kanzu

Tangu simu za mkononi zilipoanza kupiga picha za kuridhisha, wengi walidhani kwamba kamera ndogo ya mfukoni imekwisha kazi yake duniani, na kwamba aliyebaki nayo huiweka kwa ajili ya ukumbusho tu; lakini vijana wa siku hizi wamezirudia kamera hizo kwa ghera ambayo sikuitazamia, hata zile zilizokuwa zimelala miaka katika mitoto ya meza sasa huulizwa nyumba kwa nyumba. Mjukuu wa marehemu dada yangu, binti anayesoma Dar es Salaam, ni mmoja wa vijana hao. Alipopata habari kwamba kabatini kwangu zimo kamera tatu ndogo na zote nzima, aliniletea salamu ndefu, akaniuliza hali yangu na hali ya magoti yangu, kisha akasema, "Babu, wewe mmoja, kamera tatu, nigawie moja nami nikuombee dua." Ombi lilikuwa la haki, wala mimi si mtu wa kumnyima mtoto kitu kinacholala. Ila kabla ya kutoa moja ilinilazimu nijue ipi sitaitoa, yaani ipi katika hizo ndiyo kamera ya kila siku, ya kutoka nayo kwenda sokoni, msikitini, hospitali, mazikoni na arusini, bila ya kujua mapema kama siku hiyo itakuwa na picha au haitakuwa nayo.

Kamera zenyewe ni Olympus XA, ya mkanda, niliyoachiwa na ami yangu. Sony RX100, iliyotoka mwaka 2012, yenye lenzi ya kuvuta. Na Ricoh GR III ya mwaka 2019, ambayo lenzi yake haivuti wala haibadilishwi. Mwenye kuzipima kwa karatasi za vipimo atapata kazi nyepesi na jawabu la haraka, lakini karatasi haijui kanzu, wala haijui haya ya watu, na mimi niliyoyajua juu ya kamera niliyajua kwa hayo mawili zaidi kuliko kwa karatasi.

Nilipokuwa mdogo picha haikupigwa njiani. Mtu alioga, akavaa, akaenda studio, na katika mji wetu wa Unguja iliyosifika ni Capital Art Studio, ambayo Ranchhod Oza aliianzisha mwaka 1930. Huko alikaa wima mbele ya pazia, akazuia pumzi, na sura iliyotoka ilikuwa sura yake ya sikukuu. Sizidharau picha hizo, kwani bila ya studio nisingeijua sura ya bibi yangu mzaa mama. Lakini hazikunionyesha hata mara moja jinsi alivyokaa uani akipepeta mchele, na hilo ndilo ninalolitamani zaidi sasa kuliko hereni zake na pazia la nyuma yake.

Ami yangu alikuwa baharia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati ambapo hata sabuni ilikuwa ya kupangia foleni, alirudi safari na kamera nyeusi ambayo kiganja chake kiliifunika yote. XA ilitoka mwaka 1979, nayo ni kazi ya Yoshihisa Maitani, mhandisi yule yule aliyebuni Olympus Pen ya mwaka 1959, kamera iliyoigawa kila nafasi ya mkanda mara mbili ili mwenye fedha kidogo apate picha 72 pale wengine walipopata 36. Katika XA alikusudia kamera isiyohitaji mkoba wa ngozi wala kifuniko cha kupotea: ukilisukuma gamba la mbele upande mmoja, lenzi hufunuka na kamera huwa tayari, ukilirudisha, jicho hufumba kwa mlio mdogo na kitufe hakifyatuki tena. Lenzi yake ya milimita 35 haitoki nje hata kidogo, na uzito wake wote ni kiasi cha gramu 225.

Uzito huo nimeutaja kwa makusudi. Kanzu ina mifuko ya ubavuni, iliyotiwa katika mshono wa pembeni, mirefu na ya kitambaa chepesi. Kitu kizito kikiwamo humo huivuta kanzu upande mmoja, shingo yake ikakaa kombo, na wakati wa kurukuu kitu hicho huning'inia na kumgonga mtu gotini. Ami alikuwa akiisha kuvaa huitia XA mfukoni, kisha husimama mbele ya mkewe na kumwuliza kama kanzu imelala sawa, na akiambiwa imelala sawa, hutoka. Aliniambia kwamba kamera inayoipotoa kanzu leo, kesho itasahauliwa juu ya meza, na kesho kutwa itaachwa kwa kusudi. Baadaye nilisoma habari za Oskar Barnack, Mjerumani aliyeunda kamera ya kwanza ya Leica mwaka 1914, iliyoingia sokoni mwaka 1925, ya kwamba alikuwa mgonjwa wa pumu na mizigo ya kamera za zama zake ilimshinda kubeba katika matembezi yake. Nikaona kwamba kifua cha mgonjwa na mfuko wa kanzu vimetoa hukumu moja.

Siku moja ya Idi ami alinipeleka Mnazi Mmoja, akanipa kamera niwapige ndugu zangu waliojipanga mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, wote na kanzu nyeupe na kofia. Kabla sijafyatua alinishika mkono, akakivuta kijiti kilicho chini ya tumbo la kamera mpaka kwenye alama ya +1.5. Kipima nuru kilichomo ndani, alinieleza, hakijui kanzu wala chokaa. Kila kinachokiona hukidhania kijivu, na kikikutana na weupe mwingi hudhani jua limezidi, basi huikata nuru, na matokeo yake nguo hutoka za kijivu na nyuso hutoka giza. Picha ile ninayo hata leo: macho ya ndugu yangu mdogo yanaonekana dhahiri chini ya ukingo wa kofia, na katika weupe wa kanzu yake bado zipo alama za pasi. Tangu hapo nikishika kamera yoyote, kitu cha kwanza ninachokitafuta ni njia ya kuongeza nuru kwa kidole kimoja, bila ya kufungua orodha za maagizo na kuzama humo. Kwa watu wa ngozi nyeusi wavaao nyeupe chini ya jua la pwani jambo hili si pambo. Kwa miaka mingi Kodak ilisawazisha rangi za picha zake kwa kadi zilizobeba sura ya mwanamke mweupe, na watu wengine wote duniani waliachiwa kipimo kisichokuwa chao. Mtu akilijua hilo hataiacha kamera imkatie shauri juu ya uso wa mama yake.

Miaka ya 1990 nilikuwa mkaguzi wa shule, na mshahara uliniwezesha kununua kamera kubwa ya lenzi za kubadilisha, nikajiona nimefika. Nilikwenda nayo Malindi asubuhi, mahali wavuvi washushapo samaki, na hapo alikuwapo dalali mmoja aliyekuwa akinadi jodari. Sauti yake ilipanda na kushuka bila ya kituo, na mkono wake wa kushoto ulimshika samaki mkiani. Nilimwomba ruhusa, akaniruhusu kwa kichwa. Lakini nilipoiinua kamera ile usoni akanyamaza, akavuta shati lake, akasimama wima na kuzuia pumzi, sawasawa na watu wa studio; na wanunuzi nao wakaacha kupandishiana bei, wakageuka wote kunitazama mimi. Mnada ukafa. Nilirudi siku nyingine na XA, nikaomba ruhusa vile vile, naye akajibu, "Piga tu, mwalimu," bila ya kuikata sauti, akaendelea na bei zake, na picha niliyoipata ina midomo iliyofunguka na vidole vilivyo hewani. Kamera zote mbili zilikuwa zimeruhusiwa, na mtu aliyeruhusu ni mmoja. Tofauti ni kwamba ile kubwa ilijifanya tukio, ikalifukuza tukio nililolifuata.

Lakini udogo nao una fitina yake, na waandishi wengi wanaosifu kamera ndogo hulipita jambo hili haraka mno. Katika kichochoro kimoja cha Mkunazini alikuwapo bibi mmoja aliyeuza vitumbua barazani kwake. Nilimwamkia, akaitika, kisha akaitazama XA iliyokuwa kiganjani mwangu.

"Hicho nini, mwanangu?"

"Kamera, bibi."

"Mbona kidogo hivyo? Kitu kidogo namna hiyo mtu hukitumia kwa siri."

Sikubishana naye. Nililisukuma gamba mbele ya macho yake, likalia, akaona jicho la lenzi limetoweka. Akauliza, "Sasa kimefumba?" Nikamjibu kimefumba. "Basi nunua vitumbua," akasema, "na picha utaniomba siku nyingine." Nikanunua. Nilipita pale mara nyingi baadaye, nikamsalimu, nikanunua, nikaenda zangu na kamera imefumba, mpaka siku moja yeye mwenyewe aliponiambia, "Leo kifumbue."

Sijui funzo la adabu ya picha lililo wazi kuliko hilo. Sura ya mtu ni amana, na mwenye sura ana haki ya kujua ni wakati gani anatazamwa na wakati gani hatazamwi. Kamera ambayo kila mtu huona kama iko wazi au imefungwa humpa haki hiyo bila ya maneno. Wako wapiga picha mashuhuri waliojijengea jina kwa kuwavizia watu njiani, na kazi zao nyingine ni nzuri mno kwa macho, lakini mimi nimeishi katika mji ambao kila uso nitakutana nao tena kesho dukani au kesho kutwa mazikoni, na picha niliyoiiba ingenikalia moyoni kila nitakapotoa salamu.

Kamera yangu ya kwanza isiyotumia mkanda, ambayo jina la watengenezaji wake nalistiri, iliishia Jambiani. Kazi ilinifikisha mara kwa mara upande ule wa mashariki, ambako tangu mwaka 1989 kilimo cha mwani kimekuwa kazi ya wanawake wengi. Maji yakitoka hushuka na vijiti na kamba zao, wakainama kufunga miche ya mwani kamba kwa kamba mpaka bahari irudi. Nilikuwa nimeruhusiwa na kikundi kimoja kuwapiga picha wakiwa kazini. Kamera ile ilitoa lenzi yake kwa mota, mirija miwili mmoja ndani ya mwingine, na chembe ya mchanga ule laini ikaingia baina yao. Lenzi ikakwaruza, ikasimama nusu ya njia, isitoke wala isirudi, na fundi wa Darajani akanirudishia akisema hana la kuifanya. Hapo nilijifunza kwamba katika pwani kila kinachotoka na kuingia ni mlango, na hewa ya chumvi haihitaji kubisha hodi. Tangu wakati huo kamera zangu hulala katika kopo la plastiki lenye mfuniko wa kukaza, pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vitokavyo ndani ya maboksi ya viatu vipya. Na masika yakianza huzimulika lenzi kwa tochi, kwa sababu ukungu ukishaota ndani ya kioo hautoki kwa kitambaa.

RX100 niliipata baada ya hapo, na kwa insafu ni kazi ya ajabu. Kabla yake kamera nyingi za mfukoni zilikuwa na kihisi, yaani kibamba kipokeacho nuru, kidogo mno. Hii ilitiwa kihisi cha milimita 13.2 kwa 8.8 katika umbo la gramu 240, na lenzi yake huvuta kutoka upana wa milimita 28 hata 100 kwa hesabu ya kamera ya mkanda. Nilisafiri nayo, nikapiga nayo arusi za jamaa, haikuniangusha. Hata hivyo, siku moja nikiwa ndani ya boti ya Dar es Salaam, jahazi lilipita karibu nasi, tanga limejaa kusi na baharia mmoja amekaa juu ya foromali akila muhogo. Nikavuta nimpate baharia, nikarudisha nilipate jahazi, nikavuta tena nipate tanga na kichwa chake. Na wakati ninachagua, boti yetu ilikuwa imekwisha kulipita jahazi. Lenzi ya kuvuta humpa mtu hiari, na hiari hudai muda wake. Kwa XA sikuwa na la kuchagua, na kwa hivyo nilijua, kabla sijainua mkono, ni nini kitaingia na ni nini kitabaki nje.

Ujuzi huo wa kipimo ndio ulionipeleka kwenye GR III. Kihisi chake ni milimita 23.5 kwa 15.6, zaidi ya mara tatu ya kile cha RX100 kwa eneo, na pamoja na betri na kadi ina gramu 257. Lenzi yake ni sawa na milimita 28, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hesabu yake ni ya vichochoro vyetu. Nikisimama nimeegemea ukuta katika kichochoro cha upana wa mita mbili, na mtu amesimama kwenye mlango wa mbele yangu, kamera hiyo nikiishika wima huona kiasi cha mita mbili na nusu kutoka chini hadi juu: unyayo, kilemba, na juu ya kilemba nakshi ya boriti ya mlango. Tena ina njia ya kuwekewa masafa mapema. Mimi huiweka mita 2.5 na tundu la lenzi namba 8, na kwa lenzi fupi namna hiyo kila kitu kuanzia mita moja na robo hivi mpaka upeo wa macho hutoka kikiwa wazi kiasi cha kutosha. Nikibonyeza kitufe kwa mara moja hadi chini, haitafuti wala haisiti. Kidole gumba kina kiwiko chake cha kuongeza nuru, na kila nikikisukuma namkumbuka ami na kijiti chake. Daido Moriyama, Mjapani aliyeifanya mitaa ya Shinjuku kuwa kazi ya maisha yake, alitembea na kamera ndogo za jamii hii hii ya GR kwa miaka mingi, na nikizitazama picha zake naona mkono usiongoja jicho. Kasoro zake nazijua: haina tundu la kuchungulia, haina fleshi ya ndani, na betri yake, kwa kauli ya watengenezaji wenyewe, ni ya picha 200 tu, kwa hiyo ya akiba hukaa katika mfuko wa pili wa kanzu na huisaidia kanzu kulala sawa.

Binti yetu aliniuliza kwa nini simu haitoshi. Kwa watu wengi inatosha, na mimi nashukuru kwamba mama mwenye simu ya bei nafuu leo anaweza kumpiga picha mwanawe akijifunza kutambaa. Ila simu haifumbi. Mtu akiishika kifuani hujui anasoma ujumbe wa mkewe au anakupiga picha, na kwa sababu hiyo nimewaona watu wakijikunja mbele ya simu iliyokuwa haina nia nao yoyote. Fauka ya hayo, simu nyingi hujiamulia zenyewe baada ya kufyatua: huangaza kivuli, hulainisha shavu, hung'arisha ngozi, na mwenye picha hupokea uso uliokwisha kufanyiwa shauri. Lenzi ya GR hutoka ninapoiwasha na hurudi ndani ninapoizima, na vifuniko vyake vidogo hujifunga mbele ya kila mtazamaji, kama lile gamba la XA. Hilo kwangu lina uzito kuliko ukubwa wa kihisi.

Basi RX100 nimempa binti. Ndiye anayesafiri, ndiye anayetaka picha za kutembea na fleshi ya usiku na uwezo wa kuwavuta wacheza mpira kutoka jukwaani, na kamera hiyo itamtumikia vyema. Nimemtilia na kopo la plastiki, na nimemwandikia juu ya kipande cha karatasi mahali pa kuongezea nuru siku ya Idi. XA itabaki kabatini na itatoka kwa nadra, maana mikanda imekuwa ghali na wanaojua kuisafisha wamepungua, na kwa ami yangu niliahidi kwamba haitauzwa. GR ndiyo ya mfuko wa kanzu.

Rafiki yangu mmoja wa Mombasa, tuliyesoma naye chuo cha ualimu, anaipinga hukumu hii kwa nguvu zake zote. Yeye anabeba GR IIIx ya mwaka 2021, pacha wa hii yangu ila lenzi yake ni sawa na milimita 40, na anadai kwamba upana wa 28 humlazimisha mtu kuwasogelea watu kupita heshima, na kwamba nyuso zilizo pembeni ya picha huvutika na kuharibika. Nimemjibu kwa hesabu ya kichochoro: kwa mita mbili, 40 humpa mita 1.8 tu, na mtu mrefu hukatwa kofia. Naye amenijibu kwamba anayependa nyuso za watu hana haja ya nakshi za milango yao. Mwezi ujao anakuja Unguja, na tumeagana kwenda Malindi asubuhi mapema, kila mtu na kamera yake. Dalali yule amekwisha kustaafu, lakini mwanawe ndiye anayenadi siku hizi, na nimekwisha kumwomba ruhusa kwa ajili yetu sote wawili.